John Kirk: Tabibu aliyeonja sumu ya mishale

Jina la Sir John Kirk limo katika vitabu vya historia ya pwani kwa sababu ya tarehe moja, 5 Juni 1873. Siku hiyo Sultan Barghash bin Said wa Unguja alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Aliyemshawishi, tena kwa kumtishia kuizingira Unguja kwa manowari, alikuwa balozi huyo wa Uingereza. Linalotajwa kwa nadra ni kwamba Kirk alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea kabla ya kuwa mwanasiasa, na kwamba mswaki wake uliochafuka porini ulisaidia kuzaa dawa ya moyo iliyotumika Ulaya kwa miongo mingi.

Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 huko Barry, karibu na Arbroath nchini Scotland, akiwa mwana wa kasisi. Alihitimu utabibu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka wa 1854, akahudumu katika hospitali moja kwenye mlango wa bahari wa Dardanelles wakati wa Vita vya Crimea, na mwaka wa 1858 akaajiriwa na msafara wa David Livingstone wa kuuchunguza Mto Zambezi. Kazi yake ilikuwa mbili: kuwatibu wasafiri na kukusanya mimea yenye faida. Hakuwa na raha. Livingstone alikuwa kiongozi mgumu, homa ziliwaandama, na katika maporomoko ya Kebrabasa, ambayo sasa yamefunikwa na bwawa la Cahora Bassa, mtumbwi wa Kirk ulipinduka. Alinusurika, lakini maandishi na michoro yake ya mimea ilikwenda na maji.

Katika bonde la Mto Shire, ambalo sasa liko kusini mwa Malawi, Kirk alikutana na wawindaji wa Kimang'anja waliopaka mishale yao sumu waliyoiita kombe. Mnyama aliyechomwa hakwenda mbali. Ajabu ni kwamba nyama yake iliandaliwa na kuliwa bila kumdhuru mlaji. Wawindaji walilijua hilo kwa mazoea. Sayansi ililieleza baadaye, kwamba tumbo la binadamu hufyonza kiasi kidogo tu cha sumu hiyo, ilhali damu huibeba moja kwa moja hadi moyoni.

Kirk alitaka kuujua mmea wenyewe. Wenyeji hawakuwa na haraka ya kumwonyesha, wakampotosha kwa muda, na si vigumu kuelewa kwa nini: silaha iliyowalisha na kuwalinda haikuwa kitu cha kumkabidhi mgeni mwenye daftari. Mwishowe aliutambua karibu na kijiji cha Chibisa, ukitambaa juu ya mti mkubwa. Mwaka wa 1870 mtaalamu wa mimea Daniel Oliver, wa bustani ya Kew mjini London, aliupa jina la kitaalamu la Strophanthus kombe, na hivyo neno la wawindaji wa Shire likahifadhiwa katika Kilatini.

Kisa cha mswaki kilitokea katika safari hiyo hiyo. Kirk alikuwa ameweka sampuli ya sumu pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mkali mdomoni, na kwa kuwa alikuwa daktari alijipima mapigo ya moyo. Yalikuwa yamepungua. Mtu mwingine angesukutua kinywa na kushukuru Mungu. Kirk aliandika alichokiona, na sampuli za sumu zikasafirishwa hadi Uingereza.

Ili kuelewa kwa nini madaktari walivutiwa, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1785 daktari Mwingereza William Withering alikuwa amechapisha matokeo ya miaka kumi ya kuwajaribia wagonjwa wake majani ya mmea wa digitalisi, baada ya kusikia kwamba bibi mmoja wa Shropshire aliwatibu kwa mitishamba watu waliovimba mwili kwa maji. Majani hayo yaliupa moyo dhaifu nguvu ya kusukuma damu. Lakini nguvu ya jani ilibadilika kwa msimu na kwa shamba, na kipimo kilichomponya mmoja kilimuua mwingine. Dawa mbadala ilihitajika mno.

Kombe ilichunguzwa na wataalamu kadhaa, lakini aliyeing'ang'ania ni Thomas Richard Fraser, aliyesoma Edinburgh kama Kirk na kuwa profesa huko. Alitumia vyura. Majimaji yaliyokamuliwa kutoka kwa mbegu yalipogusa moyo wa chura, ulijikaza kwa nguvu zaidi. Kipimo kilipozidi, ulisimama ukiwa umekazwa na haukulegea tena. Fraser alitenga kiini cha sumu hiyo na kukiita strofanthini. Kwa miaka mingi alikwamishwa na uhaba wa mbegu, hadi John Buchanan, Mskoti aliyeishi nyanda za Shire, alipompelekea shehena. Mwaka wa 1885 Fraser aliwatangazia madaktari wenzake mjini Cardiff kwamba ameijaribu kwa wagonjwa, na baada ya muda mfupi kampuni ya Burroughs Wellcome ikawa inaiuza kwa matone.

Wakazi wa Kinakomba na vijiji vingine vya Wapokomo kando ya Mto Tana wana sababu ya kukifuatilia kisa hiki. Wawindaji wa Kiwaata, waliozunguka nyika iliyo kati ya Tana na Galana, waliangusha ndovu kwa pinde nzito na mishale iliyopakwa sumu ya mti wa Akokanthera, ambao ni wa ukoo mmoja na kombe. Mwaka wa 1888 mwanakemia Mfaransa, Arnaud, alitenga kutoka katika mbao za Akokanthera kiini kilichoitwa ouabaini. Sumu hizi mbili, pamoja na majani ya digitalisi, hutenda kazi kwa njia moja: huziba pampu ndogo inayotoa chumvi ya sodiamu katika seli za msuli wa moyo, kalisi ikaongezeka ndani ya seli, na moyo ukajikaza kwa nguvu. Kanuni hiyo ilifumbuliwa katika karne ya 20. Waata na Wamang'anja walikuwa wameshaitumia kwa vizazi vingi, bila hati miliki. Kenya ilipata sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka wa 2016.

Kirk mwenyewe alihamia Unguja mwaka wa 1866 kama daktari wa ubalozi, akapanda hadi kuwa balozi mkuu, na kukaa huko miaka 20 hivi. Alikuwa na bustani ya majaribio huko Mbweni. Alitambua mtambaa wa mpira wa pwani ambao leo unaitwa Landolphia kirkii. Hata dikidiki wa nyika zetu anaitwa kwa jina lake, na kadhalika kima punju wa Unguja, binamu wa mbega mwekundu wa Mto Tana. Kwa sadfa ya kuchekesha, punju kwa Kiswahili ni sumu.

Siasa ilimpa uchungu zaidi ya kombe. Livingstone alinung'unika kwamba Kirk alizembea kumpelekea mahitaji, na Stanley akalieneza lalamiko hilo duniani. Mkataba wa 1873 nao haukukomesha utumwa wenyewe. Ulidumu kisheria Unguja hadi 1897 na katika pwani ya Kenya hadi 1907. Mwaka wa 1885, Ujerumani ilipojitwalia Witu karibu na mlango wa Tana, London ilimwagiza Kirk amshinikize Barghash akubali madai ya Wajerumani. Alitii, na usultani alioutumikia kwa ushauri kwa miaka mingi ukaanza kumegwa mbele ya macho yake. Mwaka uliofuata aliondoka Unguja.

Fraser alifariki mwaka wa 1920. Kirk alimfuata tarehe 15 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 89, nyumbani kwake Sevenoaks, Uingereza. Wakati huo strofanthini ilikuwa ikidungwa mishipani katika hospitali za Ujerumani, desturi iliyoanzishwa na Albert Fraenkel mwanzoni mwa karne. Miaka minane baada ya kifo cha Kirk, mwaka wa 1930, dijoksini ilitengwa kutoka katika majani ya digitalisi nyingine, dawa yenye kipimo kinachotabirika zaidi na inayoweza kumezwa, na kombe ikaanza kurudi polepole mahali Kirk alipoikuta.