Bibi Grace Hopper na lugha ya mashini

Grace alizaliwa katika mji wa New York, nchi ya Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Alipokuwa mtoto wa miaka saba alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi. Akaifungua. Vipande vikamtoka mikononi, wala hakujua namna ya kuvirudisha. Basi akafungua saa ya pili apate kuona zinavyoundwa, kisha ya tatu, hata zikafika saba. Mama yake alipogundua, alimwachia saa moja tu, zingine akamkataza kuzigusa.

Alisoma hesabu kwa bidii, na mwaka wa 1934 akapata cheo cha udaktari wa hesabu katika chuo kikuu cha Yale. Siku zile wanawake wenye cheo hicho walikuwa wachache sana. Akawa mwalimu.

Vita kuu ya pili ilipofika Marekani, Grace alitaka kuingia jeshi la baharini. Wakubwa wa jeshi walisita. Umri wake ulikuwa umezidi, tena alikuwa mwembamba: alipungukiwa karibu kilo 7 kwa kipimo chao. Hakuchoka kuomba, na mwaka wa 1943 wakamkubali. Mwaka wa 1944 wakamtuma Harvard, ilikokuwa kompyuta kubwa iliyoitwa Mark I. Urefu wake ulikuwa mita 15 hivi, na uzito wake karibu tani 5. Kazi ya Grace ilikuwa kuiandikia amri, na mashini ikafanya hesabu za vita.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwa maana kompyuta haijui maneno ya watu. Inajua tarakimu tu. Kila amri iliandikwa kwa tarakimu, na kosa moja dogo liliharibu yote. Grace akafikiri: kwa nini mashini yenyewe isifanye kazi hii ya kutafsiri? Mwaka wa 1952, katika kampuni iliyotengeneza kompyuta ya UNIVAC, alimaliza programu ya namna hiyo. Iliitwa kompaila. Wengi hawakusadiki. Waliona kwamba kompyuta ni ya kujumlisha na kutoa, basi. Yeye akaendelea, akatengeneza lugha ya kuandikia amri kwa maneno ya Kiingereza, nayo ikaitwa FLOW-MATIC.

Lakini shida nyingine ilibaki, na ndiyo iliyokula fedha nyingi. Kila kampuni ilikuwa na mashini yake na lugha yake. Mtu aliyenunua kompyuta mpya kwa kampuni nyingine alipaswa kuandika upya programu zake zote: mishahara, ghala, hesabu za mwaka. Kazi ya miaka ilitupwa.

Mwaka wa 1959 watu wa serikali na wa makampuni walikutana ili watunge lugha moja kwa mashini zote. Lugha hiyo ni COBOL. Si kweli kwamba Grace aliitunga peke yake, ingawa wengine husema hivyo. Alikuwa mshauri, na mambo mengi ya lugha hiyo yalitoka katika FLOW-MATIC. Mwezi wa Desemba 1960 walifanya jaribio. Programu moja ya COBOL ilipitishwa katika kompyuta mbili za makampuni mawili, RCA na Remington Rand. Ilifanya kazi katika zote mbili, na maneno machache tu yalibadilishwa.

Hata hivyo, kutunga sheria si kuifuata. Sokoni, wachuuzi wawili wakipima kitambaa kwa mikono yao, mmoja ana mkono mrefu na mwingine mfupi, ingawa wote wawili husema mkono mmoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa COBOL. Kila kampuni iliifahamu kwa namna yake, tena iliongeza maneno yake mazuri mazuri. Mnunuzi aliyeyatumia alijikuta amefungwa kwa kampuni ile.

Mwisho wa mwaka wa 1966 jeshi lilimstaafisha Grace, naye akasikitika sana. Mwaka wa 1967 wakamwita tena kwa miezi sita, asawazishe lugha za kompyuta za jeshi. Miezi ile sita ikawa miaka mingi. Yeye na wasaidizi wake waliandika programu za kupima kompaila. Kila programu ilikuwa kama mtihani wenye jibu linalojulikana: zidisha hivi, panga majina haya, andika jibu hapa. Kompaila ikitoa jibu lingine, imekosa, hata kama muuzaji anaisifu. Katika miaka ya 1970 serikali ya Marekani ikadai kompaila za COBOL inazouziwa zipimwe hivyo.

Alipenda sana kufundisha. Alibeba vipande vya waya vya karibu sentimita 30, akawagawia watu. Huo ndio mwendo wa mwanga katika sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara milioni elfu. Hata majenerali walipewa kipande chao.

Aliacha jeshi tarehe 14 Agosti 1986, akiwa na cheo cha admirali na umri wa miaka 79. Sherehe ilifanyika Boston, juu ya merikebu ya kale ya USS Constitution. Alikufa tarehe 1 Januari 1992, akazikwa katika makaburi ya askari ya Arlington. Mwaka wa 1996 jeshi la baharini lilishusha majini manowari mpya yenye jina lake.