Semei Kakungulu, Mwasisi wa Mbale

Mji wa Mbale, ambao tangu mwaka 1988 umekuwa makao ya Chuo Kikuu cha Kiislamu, uliasisiwa na mtu aliyepata sifa yake ya kwanza kwa kupigana na Waislamu.

Semei Kakungulu alizaliwa Koki yapata mwaka 1869. Aliingia Buganda akiwa kijana, akawa mwindaji wa tembo wa Kabaka Mwanga. Pembe zilileta bunduki, na bunduki zikaleta wafuasi. Katika vita vya dini alikuwa miongoni mwa majemadari wa Kikristo waliomng'oa Kalema, Kabaka Mwislamu, katika miaka ya 1889 na 1890. Lakini Mengo alikuwapo Katikiro Apolo Kagwa, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Kakungulu akageukia mashariki.

Mwaka 1899, baada ya kushiriki katika kuwakamata Mwanga na Kabalega, aliingia Bukedi na watu wake, akijenga ngome na kupanda migomba kila alipotua. Aliamini kwamba Sir Harry Johnston amemwahidi ufalme wa nchi hiyo. Mwaka 1902 serikali ilimwondoa katika ngome yake ya Budaka, ikampa maili 20 za mraba chini ya mlima Masaba. Mtu mwingine angalikata tamaa. Yeye alipasua barabara, akapanda miti, akafungua soko. Wafanyabiashara wa Kiswahili, Kiarabu na Kihindi wakamiminika, na wengi wao walikuwa Waislamu. Jemadari wa zamani akawa mwenyeji wao.

Mwaka 1906 alipelekwa Jinja kuwa Rais wa Lukiko ya Busoga, nchi yenye watawala wengi wasiokuwa na mkubwa mmoja juu yao. Cheo kilikuwa cha heshima, ila kilimtenga na ardhi yake na watu wake. Na yamkini ndiyo iliyokuwa nia. Alirejea Mbale mwaka 1913, akajiunga na wafuasi wa Malaki waliokataa dawa za hospitali.

Kwa kuisoma Torati alishikilia kwamba tohara ni faradhi. Alipoambiwa kuwa hiyo ni desturi ya Mayahudi, alijibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Akatahiriwa mwaka 1919 pamoja na wanawe. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa Gangama, karibu na mji alioupanda. Ufalme hakuupata.