Mtakatifu Atanasi, Mlinzi wa Kanuni ya Imani

Kila Dominika tunasimama kukiri imani, na mara nyingi maneno hututoka kinywani kabla hatujayatafakari. Tunapokiri kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba, tumkumbuke askofu aliyefukuzwa jimboni mwake mara tano, kwa sehemu kubwa kwa kuutetea ukweli huo.

Atanasi alikuwa shemasi kijana alipoandamana na askofu wake, Aleksanda, kwenye Mtaguso wa Nisea mwaka 325. Padre Ario wa Aleksandria, Misri, alikuwa akifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, ingawa anavipita viumbe vyote. Mtaguso ulilikataa fundisho hilo. Mwaka 328 Atanasi akawa askofu wa Aleksandria, na taabu zikaanza, kwani wapinzani wake walisikilizwa na watawala. Kaisari Konstantino alimpeleka Trier, katika Ujerumani ya leo. Baadaye alikimbilia Roma, na tena akajificha jangwani kwa wamonaki. Kwa jumla aliishi uhamishoni miaka ipatayo 17. Hoja yake ilihusu wokovu wetu: kama Mwana ni kiumbe tu, hawezi kutuunganisha na Mungu.

Lakini mtu huyu asiyeyumba alijua pia kusikiliza. Mwaka 362 aliongoza mtaguso Aleksandria, wakati waamini walipokuwa wakishutumiana juu ya neno la Kigiriki, hipostasi. Wengine walisema katika Mungu mna hipostasi tatu, wengine moja. Kila upande uliulizwa unamaanisha nini. Ikaonekana kwamba wa kwanza hawahubiri miungu watatu, wala wa pili hawaikani Nafsi yoyote ya Utatu. Neno lilikuwa moja, maana mbili. Wote wakapokewa.

Atanasi alifariki tarehe 2 Mei 373. Leo Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana na Walutheri wanakiri imani ya Nisea, ingawa Waorthodoksi hawakubali nyongeza ya Kanisa la Magharibi, kwamba Roho Mtakatifu hutoka kwa Mwana pia. Tofauti hiyo, pamoja na nyingine, ni za kweli, nasi hatuzifichi. Ila kabla ya kumhukumu jirani wa dhehebu jingine, tumwulize kwanza anamaanisha nini. Atanasi alifanya hivyo, na imani yake haikupungua.