Padri Tansi: Kasisi aliyeusaka wito wake katika kimya cha watawa

MNAMO mwaka wa 1950, kasisi mmoja kutoka kusini mashariki mwa Nigeria alibisha hodi katika nyumba ya watawa iliyo mashambani nchini Uingereza. Alikuwa akikaribia umri wa miaka 47. Nyuma yake alikuwa ameacha parokia, waumini waliomstahi kama mzazi wao, na kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 12. Mbele yake hapakuwa na cheo wala ahadi ya cheo. Alikuwa amekuja kuanza upya, mithili ya mtoto anayeingia darasa la kwanza.

Kasisi huyo alikuwa Michael Iwene Tansi, ambaye hii leo Kanisa Katoliki linamtambua kama Mwenyeheri Cyprian Michael Iwene Tansi. Wengi humkumbuka kwa kuwa Mnigeria wa kwanza kutangazwa mwenyeheri. Hata hivyo, kiini cha maisha yake kimo katika swali ambalo humkabili kila mtu anayefikiria kujitenga na ulimwengu ili aishi kwa sala: atajuaje kwamba sauti anayoisikia moyoni ni wito wa kweli, wala si matamanio yake mwenyewe?

Tansi alizaliwa mwaka wa 1903 katika kijiji cha Igboezunu, eneo la Aguleri, karibu na mji wa Onitsha. Wazazi wake, Tabansi na Ejikwevi, walikuwa wakulima wa jamii ya Waigbo waliofuata dini ya mababu zao. Baba yake aliwahi kutiwa kizuizini na Kampuni ya Royal Niger, na aliporejea nyumbani alimpa mwanawe jina Iwegbuna, lililobeba dua kwamba chuki isije ikaua. Kwa kifupi, mtoto akaitwa Iwene.

Akiwa bado mdogo alipelekwa kuishi na jamaa zake katika kijiji cha Wakristo cha Nduka, ambako alianza masomo. Alibatizwa mwaka wa 1912 akiwa na umri wa miaka minane na kupewa jina Michael. Katika utoto huohuo alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, baada ya kuumia wakati yeye na wenzake walipokuwa wakichezea matope.

Mwaka wa 1913 alihamia Onitsha kuendelea na elimu katika Shule ya Holy Trinity. Alihitimu mwaka wa 1919, akawa mwalimu hapohapo, kisha akateuliwa mwalimu mkuu wa Shule ya St Joseph, Aguleri. Katika kipindi hicho lilimfika pigo ambalo wasimulizi wa maisha yake hawakosi kulitaja. Mnamo 1922 mama yake alisingiziwa uchawi na kulazimishwa kunywa sumu, akafa. Ni rahisi kuelewa kwa nini baadaye kasisi huyu alisimama kidete dhidi ya ushirikina, na kwa nini heshima ya wanawake ilikuwa jambo zito moyoni mwake.

Ualimu ulikuwa kazi ya heshima na yenye mshahara. Jamaa zake walitarajia kwamba kijana aliyesoma angeuinua ukoo mzima. Badala yake, mwaka wa 1925, alijiunga na Seminari ya St Paul, Igbariam, kinyume na matakwa yao. Huo ukawa mlango wa kwanza alioufunga nyuma yake. Alisubiri miaka 12 kabla ya kupewa upadrisho mnamo Desemba 19, 1937, mikononi mwa Askofu Charles Heerey, mmishonari kutoka Ireland. Akawa miongoni mwa Waigbo wa kwanza kuwa makasisi.

Alianzia Nnewi, kisha mwaka wa 1939 akatumwa Dunukofia kama paroko. Huko sifa zake zilienea. Alizuru vijiji kwa miguu na kwa baiskeli. Alijenga makao yake kwa udongo, akifanya kazi ya mikono bega kwa bega na waumini wake, na alikula chakula kidogo mno. Alipinga hofu iliyokuwa imewatawala watu kuhusu msitu ulioaminika kuwa na laana. Aidha, alianzisha vituo vya kuwaandaa wasichana kwa ndoa ya Kikristo, ambako waliishi chini ya uangalizi na kupata mafunzo hadi siku ya harusi.

Miongoni mwa watoto aliowabatiza Dunukofia alikuwa mvulana mmoja aliyepata ubatizo siku alipotimiza miaka tisa, Novemba 1, 1941. Jina lake lilikuwa Francis Arinze, ambaye baadaye aliiongoza Onitsha kama Askofu Mkuu na kufanywa kadinali mwaka wa 1985.

Kwa jicho la binadamu, basi, Padri Tansi alikuwa tayari ameupata wito wake. Kuanzia 1945 alihudumu Akpu, na mwaka wa 1949 akarejea kwao Aguleri. Kila alikopelekwa kazi ilistawi. Lakini ndani yake kulikuwa na kiu ambayo shughuli hizo hazikuizima. Alitamani maisha ya sala na kimya. Tatizo ni kwamba katika jimbo lake hapakuwa na monasteri ya aina hiyo.

Mnamo 1949 Askofu Heerey aliwaeleza mapadri wake kwamba angefurahi kuona mmoja wao akienda kujifunza utawa wa kimonaki ng'ambo, ili hatimaye arejee kuanzisha monasteri nyumbani. Tansi alijitolea. Hapo hamu ya mtu binafsi ilikutana na haja ya Kanisa, na kwake hiyo ilikuwa dalili muhimu. Hakutoroka parokia, alitumwa.

Mwaka uliofuata, ambao ulikuwa Mwaka Mtakatifu, alihiji Roma kisha akaelekea Mount Saint Bernard, katika kaunti ya Leicestershire. Monasteri hiyo, iliyoanzishwa mwaka wa 1835, ni ya Watrapisti, tawi la Wasistasia linalofuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwa ukali wa kale. Shirika hilo halikuwa geni Kenya pia. Watawa wake waliishi Lumbwa, eneo la Kipkelion, tangu 1956 hadi ghasia za baada ya uchaguzi zilipowalazimu kuhamia Uganda mwaka wa 2008.

Maisha aliyoyakuta Uingereza yalikuwa ya kumjaribu hata shujaa. Watawa waliamka mwendo wa saa nane usiku kuimba zaburi kwa Kilatini. Hawakula nyama. Hawakuzungumza ovyo; yaliyohitajika waliyaeleza kwa ishara za mikono. Siku iligawanywa kati ya sala, usomaji wa mambo matakatifu na kazi. Kwa mtu aliyezoea jua la Aguleri, baridi ya Uingereza ilikuwa adhabu tosha.

Zaidi ya hayo, hakupokelewa mara moja kama mtawa. Kwa takriban miaka miwili na nusu aliishi kama oblati, yaani mtu anayeshiriki maisha ya watawa bila kufungwa na nadhiri. Angeweza kuondoka wakati wowote. Nao wakuu wa monasteri wangeweza kumwambia arudi kwao. Paroko aliyekuwa akisubiriwa na umati wa waumini sasa alipangiwa kazi katika ukumbi wa chakula, bustanini na katika chumba cha kujalidi vitabu. Aliyekuwa akitoa amri sasa alizipokea, tena nyingine kutoka kwa watu waliokuwa wadogo wake kwa umri.

Kipindi hicho kirefu ndicho kilichopima wito wake. Katika nyumba ya aina hiyo, hisia za siku ya kwanza hazitoshi kuwa ushahidi. Jumuiya humtazama mgeni anavyoamka, anavyotii, anavyovumilia kusahauliwa. Naye mgeni hujitazama, akijiuliza kama anachotafuta ni Mungu au ni kimbilio la kujificha. Majibu huja polepole, na huja kupitia mambo madogo kama ufagio, jembe na kengele ya alfajiri.

Desemba 1952, katika mkesha wa sikukuu ya Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, alikubaliwa kuwa novisi. Alichukua jina Cyprian, la askofu wa Karthago, Afrika Kaskazini, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka wa 258. Baada ya nadhiri za muda, aliweka nadhiri za daima mnamo Desemba 8, 1956. Tangu abishe hodi, ilikuwa imepita miaka sita.

Wakati huo wote, tumaini la kurejea Nigeria lilibaki hai. Wanigeria wengine walimfuata Mount Saint Bernard, akiwemo padri mwenzake Mark Ulogu, na kila aliyewasili aliifanya ndoto ya monasteri katika nchi ya Waigbo ionekane kukaribia. Hatimaye watawa wa Mount Saint Bernard waliazimia kufungua nyumba barani Afrika. Mwaka wa 1963 waanzilishi walifunga safari. Lakini mahali palipochaguliwa hapakuwa Nigeria. Palikuwa karibu na Bamenda, nchini Cameroon.

Habari hiyo ilimuuma. Sababu iliyomtoa kwao, na ambayo kwayo askofu wake alimruhusu aende, ilikuwa imeondolewa mbele ya macho yake. Mtu mwingine angeona kwamba amedanganyika, kwamba miaka 13 ya baridi na kimya imepotea bure. Tansi alikubali. Aliteuliwa kuwa mlezi wa manovisi katika nyumba hiyo mpya, akawa tayari kwenda.

Hakuwahi kufika. Mnamo Januari 1964 aliugua ghafla, mguu wake ukivimba kutokana na damu iliyoganda. Alipelekwa katika hospitali mjini Leicester, ambako iligunduliwa pia kwamba mshipa mkuu wa damu ulikuwa umepanuka kwa namna ya hatari. Alifariki Januari 20, akiwa na umri wa miaka 60. Alizikwa Mount Saint Bernard, mbali na Aguleri, na mbali na Bamenda.

Yamkini hadithi ingeishia hapo, kwenye kaburi moja katika safu ya makaburi ya watawa. Lakini waliomjua Nigeria hawakumsahau. Francis Arinze, yule mvulana wa Dunukofia, alikuwa mstari wa mbele kuhimiza Kanisa lichunguze maisha yake. Mwaka wa 1986 mabaki yake yalirejeshwa Onitsha. Mnamo Machi 22, 1998, Papa Yohane Paulo II alisafiri hadi Oba, karibu na Onitsha, akamtangaza mwenyeheri mbele ya umati mkubwa. Kumbukumbu yake huadhimishwa kila Januari 20.

Nayo monasteri aliyoiota, ingawa hakuiona, haikubaki ndoto. Nyumba ya Bamenda ilisimama, na katika miaka iliyofuata Watrapisti walipata makao ndani ya Nigeria yenyewe, ikiwemo Awhum katika jimbo la Enugu.

Waswahili husema kuwa mvumilivu hula mbivu. Tansi alivumilia, lakini mbivu alizopanda zililiwa na wengine. Pengine hapo ndipo jibu la swali lake lilipo. Hamu ya kuanzisha monasteri nyumbani ndiyo iliyomfikisha mlangoni mwa watawa. Hamu hiyo iliponyimwa, naye akabaki, ilidhihirika kwamba kilichokuwa kikimwita kilikuwa kikubwa kuliko mpango wake mwenyewe.