Mwalimu Nyerere alijifunza kwa kusikia: je, mtoto wako anasikia vizuri?

Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake alikuwa Nyerere Burito, chifu wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mgaya. Nyumbani walizungumza Kizanaki.

Kambarage alipenda kucheza bao. Inasimuliwa kuwa Chifu Makongoro wa Ikizu, eneo ambalo leo liko Wilaya ya Bunda, alicheza naye, akaona akili yake, akamshauri baba ampeleke shule.

Mwaka 1934, akiwa na miaka kama 12, alianza Shule ya Mwisenge, Musoma. Shule ilikuwa ya bweni, kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani. Huko alikikuta Kiswahili, lugha ambayo hakulelewa nayo. Ilibidi aipokee kwa masikio, kutoka kwa walimu na wenzake. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu. Mwaka 1937 akaenda Tabora, baadaye Makerere na Edinburgh.

Alifundisha Tabora na Pugu, na jina la Mwalimu likabaki naye hata alipokuwa Rais. Kwa Kiswahili hicho alichojifunza shuleni alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Masikio na masomo

Mama, mlezi, hata leo watoto wengi wa Mara wanaanza shule wakiwa na Kijita, Kikurya au Kizanaki cha nyumbani. Wanajifunza lugha mpya kwa kusikia, kama Kambarage. Mtoto ambaye sikio lake linatoa usaha, au lina majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, husikia nusu nusu. Anakosa maneno, anabaki nyuma, kisha anaitwa mzito au mkaidi. Kumbe akili anayo, tatizo ni sikio.

Dalili za kuangalia

- Anashika au kuvuta sikio, ana homa, analia usiku.
- Sikio linatoa usaha au harufu mbaya.
- Haitiki akiitwa kwa nyuma, au anachelewa kuongea.

Ufanye nini

- Mpeleke kituo cha afya mapema. Usaha wa wiki mbili au zaidi si jambo la kuzoea, maana unaweza kuharibu usikivu.
- Akipewa dawa, amalize dozi hata kama maumivu yameisha.
- Usiweke mafuta, maziwa ya mama, majani wala njiti sikioni. Mwombe mhudumu akuonyeshe namna ya kukausha usaha kwa kitambaa laini na safi.
- Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni dharura. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.
- Ukiona hasikii vizuri, mwambie mwalimu amkalishe mbele huku mkiendelea na matibabu.

Kinga

Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Anaponyonya, kichwa kiwe juu kidogo. Mweke mbali na moshi wa jiko na sigara, na kamilisha chanjo zake zote.

Chifu Makongoro aliona akili ya Kambarage kwenye bao. Ya mwanao unaiona wewe kila siku. Usikubali usaha wa sikio uifiche darasani.