Maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, naye mwanachuoni, alifariki mwana angali mdogo, akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali. Mwaka 1895 Sultani wa Unguja aliwakabidhi Waingereza utawala wa pwani ile, maili 10 kutoka baharini. Bendera yake ilibaki, lakini hukumu ilihama: mauaji na wizi vikaenda kwa mahakimu wa Serikali, na kadhi akasaliwa na ndoa, talaka na mirathi.

Sheikh alisoma Mombasa, kisha Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, mabingwa wa madhehebu yetu ya Imam Shafi. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Humo hakuwalaumu wageni peke yao. Aliwalaumu Waislamu walioiga mavazi na starehe za Wazungu wakaiacha bidii yao, na akataka watoto wa kike nao wasomeshwe.

Akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu, mpaka alipofariki mwaka 1947. Mtu aweza kuuliza: vipi mwanachuoni akubali mshahara wa dola isiyo ya dini yake, ahukumu kipande tu cha sharia? Jawabu ni kuwa mke aliyetelekezwa na yatima aliyedhulumiwa hawawezi kungoja dola ibadilike. Alikilinda kilichosalia, na ambacho dola haikukigusa, nacho ni kusomesha, alikitia nguvu kwa darsa na kwa vitabu vya Kiswahili.

Mahakama za kadhi zimo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kwetu Tanzania Bara, Katiba haifungamanishi nchi na dini, wala kadhi hana mahakama ya Serikali. Basi huku Nyalikungu, na huko kwenu pwani, ni nani atuzuiaye kumpa binti fungu lake la mirathi, au kufungua mlango wa chuo? Tukiyaacha hayo, tusiisingizie Serikali.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh wetu, na atujaalie kufuata mwendo wake. Amin.