Charles Dickens, mtoto wa kiwanda
Charles Dickens alizaliwa Portsmouth, Uingereza, tarehe 7 Februari 1812. Mwaka 1824 baba yake alifungwa gerezani London juu ya deni. Charles alikuwa na miaka 12. Badala ya kusoma, alitumwa kiwandani kubandika karatasi kwenye vikopo vya dawa ya viatu. Baba alipotoka gerezani, mama bado alitaka mtoto aendelee na kazi ile. Baba ndiye alimrudisha shuleni.

Alipokomaa akawa mwandishi wa habari. Kuanzia 1837 alitoa kidogo kidogo hadithi ya Oliver Twist, yatima anayeangukia mikononi mwa wezi. Yale ya kiwandani hakuwaambia hata watoto wake. Watu waliyajua baada ya kifo chake, tarehe 9 Juni 1870.

Mwaka 2004 Tim Greene wa Afrika Kusini aliifanya hadithi hiyo filamu, Boy Called Twist. Humo Twist ni mtoto wa barabarani wa Cape Town.

Kwetu Kongo watoto hao wanaitwa shegue kule Kinshasa, maibobo huku mashariki. Wewe msikilizaji wa Kasongo ao Kabambare, kabla ya kumwita mtoto mwizi, uliza kwanza: nani atamrudisha shuleni?